USHIRIKA WA SHAMBANI NA USHIRIKA WA DUKANI: SOMO LITOKALO KARIAKOO

Hakuna nyumba katika nchi hii, ya mjini wala ya shamba, isiyoguswa na bei ya chakula. Mkulima wa Lushoto au wa Kilosa hutazama bei ya kitu anachouza. Mama wa nyumba wa Ilala au wa Magomeni hutazama bei ya kitu anachonunua. Wa kwanza hunung'unika kwamba bei ni ndogo mno, wa pili kwamba ni kubwa mno, na wote wawili wasema kweli juu ya gunia lile lile. Katikati yao pana njia ndefu: mnunuzi apitaye vijijini, mwenye lori, dalali wa sokoni, mwenye ghala, muuzaji wa jumla na mwenye genge. Wengi wao wafanya kazi ya halali, na kila mtenda kazi sharti apate ujira wake. Lakini mizani imo mikononi mwao, na wale wawili walio kwenye ncha za njia, yaani aliyelima na anayekula, hawana sauti juu yake.

Ushirika ulianzishwa ulimwenguni ili kuifupisha njia hiyo. Katika Tanganyika ulianza kwenye ncha zote mbili: ncha ya shamba na ncha ya duka. Ule wa shamba ulistawi hata sifa zake zikavuka mipaka ya nchi. Ule wa duka, hasa hapa Dar es Salaam, ulizaliwa mara nyingi na kufa mara nyingi. Yafaa tujiulize kwa nini, kwa maana katika jibu lake mna somo kwa kila jamaa inayotaka kupunguza gharama za chungu chake.

CHANZO CHAKE

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, wafumaji wa nguo na wafanya kazi wenzao walikuwa katika taabu kubwa. Mishahara ilikuwa midogo, na madukani walikopeshwa unga uliochanganywa na vitu vingine, kwa mizani isiyo ya haki. Watu 28 wakakusanya pauni 28, wakapanga chumba katika kichochoro kiitwacho Toad Lane, na tarehe 21 Desemba mwaka huo wakafungua duka. Bidhaa zao zilikuwa chache sana: unga, siagi, sukari, na vitu vingine vya nyumbani vya kuhesabika.

Duka hilo halikupata sifa kwa ukubwa wake. Lilipata sifa kwa kanuni zake. Bidhaa ziwe safi na vipimo viwe kamili. Kila mnunuzi alipe fedha taslimu, asikopeshwe mtu. Kila mwanachama awe na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Tena ziada inayopatikana wagawiwe wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Aliyenunua zaidi alirudishiwa zaidi, si kwa sababu ya utajiri wake, bali kwa sababu fedha iliyotoka mfukoni mwake ndiyo iliyoleta ile ziada. Kanuni hizo ndizo zilizoenea duniani, na mpaka leo vyama vya ushirika vya nchi nyingi vyazitambua kuwa shina lao.

MIZANI YA MKULIMA

Katika nchi yetu ushirika ulianza mlimani Kilimanjaro. Walowezi wengi hawakupenda kuona Wachaga wakilima kahawa, wakidai kwamba mashamba ya wenyeji yangeleta wadudu na kwamba kahawa ingeibwa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kujilinda, Kilimanjaro Native Planters Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Kilishughulikia dawa za wadudu, ulinzi wa mashamba na uuzaji wa kahawa kwa pamoja. Mwaka 1932 Serikali ya Mwingereza ikatunga sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1933 chama kile kikafuatwa na chama kikuu kipya, KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake.

Safari haikuwa tambarare. Mwaka 1937, bei ya kahawa iliposhuka, palizuka ghasia mlimani. Wakulima wengi walichukia kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia chama ambacho hesabu zake hawakuzielewa, na baadhi ya maghala ya vyama yakashambuliwa. Tukio hilo latufundisha jambo kubwa mapema kabisa: hata chama kilichoanzishwa kwa faida ya mkulima huonekana kuwa adui yake, ikiwa mkulima mwenyewe hajui fedha yake imepita wapi. Baada ya ghasia hizo KNCU kilidumu na kukua, kikajenga majengo makubwa mjini Moshi na kusaidia elimu ya watoto wa wanachama.

Mfano wa Kilimanjaro ulifuatwa kwingine. Huko Songea wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo walipata chama chao kikuu mwaka 1936, na Bukoba wakulima wa kahawa walipata chao mwaka 1950. Lakini habari ya Mwanza ndiyo ifaayo kukumbukwa zaidi, kwa sababu yahusu duka na shamba pamoja.

Mwanza baada ya Vita Kuu ya Pili palikuwa na chama cha ushirika cha wenye maduka Waafrika, na mmoja wa watumishi wake tangu mwaka 1947 alikuwa kijana aitwaye Paul Bomani. Wakati huo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na kilio kimoja: mizani. Mkulima alibeba pamba yake mpaka kituo cha mnunuzi, mnunuzi akaipima mwenyewe, akatangaza uzito mwenyewe, akalipa. Wakulima hawakuanza kwa kudai viwanda wala benki. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, watu waliowaamini, ili uzito wa pamba ujulikane kabla haijafika kwa mnunuzi. Kutoka kazi hiyo ndogo ya kupima ndipo vilipoota vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Bomani. Haikupita miaka mingi shirikisho hilo likawa moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika, likiuza pamba ya kanda nzima ya Ziwa. Naye Bomani, baada ya Uhuru, akawa Waziri wa Fedha.

Basi tazama mpango wake. Kwanza walijua ni wapi wanaibiwa. Pili walisimama penyewe hapo, kwenye mizani. Tatu, baada ya kuaminiana katika jambo dogo, wakashika jambo kubwa.

KARIAKOO NA DUKA LA MWENYEJI

Sasa turudi Dar es Salaam. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliopiga kambi mahali hapo. Vita ilipokwisha, mahali pale pakawa soko la wenyeji, na mitaa iliyopimwa kandokando yake ikajaa nyumba za Waswahili. Serikali iliugawa mji katika sehemu tatu, ya Wazungu, ya biashara ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya Uhindini na Kariakoo.

Mwafrika aliyetaka kufungua duka Kariakoo alikuta kizuizi kimoja kizito. Sheria ya mwaka 1923 juu ya mikopo kwa wenyeji iliweka kwamba deni la mwenyeji kwa mtu asiye mwenyeji halidaiki mahakamani, isipokuwa lilikuwa na kibali cha Serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda asizame katika madeni. Tokeo lake lilikuwa kwamba mwenye ghala la jumla aliogopa kumkopesha. Na biashara ya rejareja katika miaka ile iliendeshwa kwa mkopo toka juu mpaka chini: mwagizaji alimkopesha wa jumla, wa jumla akamkopesha wa rejareja. Mwafrika alibaki nje ya mnyororo huo, akinunua kidogo kidogo kwa fedha taslimu, kwa bei ya juu, na kuuza kidogo kidogo.

Dawa ya taabu hiyo ilikuwa wazi, nayo ni kununua pamoja. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha Dar es Salaam chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kutoa gazeti lake liitwalo Kwetu. Chama kilitetea wenye maduka wadogo na kuwahimiza washikamane. Lakini maneno ya umoja yalikuwa mengi kuliko mtaji, na duka la pamoja lenye nguvu halikusimama. Mji ulikuwa na watu wa makabila mengi, waliofika juzi na kuhama kesho, wengi wakiishi kwa mshahara wa kibarua. Mlimani Kilimanjaro jirani alimjua jirani tangu babu zao, na mti wa kahawa ulikuwa dhamana isiyohama. Kariakoo mpangaji wa chumba hakuwa na dhamana ila neno lake.

UHURU NA MADUKA YA USHIRIKA

Uhuru ulipokaribia, viongozi waliutazama ushirika kama njia ya kumkomboa mwananchi katika biashara. Mwaka 1961 kikaundwa Chama cha Muungano wa Vyama vya Ushirika Tanganyika, na vyama vya msingi vikaongezeka kwa kasi, karibu maradufu katika miaka mitano iliyofuata. Mwaka 1962 ikaanzishwa benki ya ushirika, na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika cha Moshi kikafungua milango yake.

Kwa upande wa maduka, mwaka 1962 lilianzishwa shirika la ugavi lililojulikana kwa kifupi kama COSATA, kwa msaada wa washauri kutoka Israeli. Kazi yake ilikuwa kuagiza na kununua bidhaa kwa jumla, kisha kuzigawa kwa maduka ya ushirika ya walaji. Katika karatasi mpango ulikuwa mzuri: ghala moja kubwa Dar es Salaam, maduka mengi ya wanachama nchini, na bei nafuu kwa kila mtu.

Lakini maduka mengi hayakuishi. Sababu zake twazifahamu, na kila aliyewahi kuendesha duka atazitambua. Mtaji ulikuwa mdogo. Watumishi hawakuwa wamefundishwa kutunza bidhaa na kuandika hesabu. Walikopesha jamaa na rafiki, na mikopo haikurudi. Wenye maduka wa zamani walijua biashara kwa kizazi cha pili au cha tatu, tena walijua mteja gani ahitaji nini na siku gani. Zaidi ya hayo yote, wanachama wengi hawakuona kuwa duka lile ni lao. Lilikuja kutoka juu, kwa mpango wa Serikali na chama cha siasa. Duka lilipofungwa, aliyekuwa mwanachama alivuka barabara tu na kununua sukari yake upande wa pili.

Mwisho wa COSATA ulifuata njia hiyo hiyo. Kazi yake ilimezwa na mashirika ya biashara ya Serikali, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli hizo zikawa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 STC nalo likavunjwa, na mahali pake yakaja makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Tangu hapo neno ushirika katika maduka likawa na maana ya mahali pa kugawia bidhaa za Serikali.

MADUKA YA FOLENI

Wasomaji wenye umri wakumbuka yaliyofuata. Mwanzoni mwa mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa ili maduka ya kijiji yachukue nafasi. Mahali pengine ya zamani yalifungwa kabla ya mapya kupata bidhaa, watu wakakosa chumvi na mafuta ya taa, na baada ya muda Serikali ikalegeza amri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uhaba uliingia kila nyumba. Dar es Salaam sukari, sabuni, unga na vitenge vilipatikana kwa foleni na kwa majina yaliyoandikwa na mabalozi wa nyumba kumi. Watu wengi walijiandikisha katika maduka ya ushirika ya mitaa wakati ule. Walijiandikisha kwa kuwa duka ndilo lililopewa mgao wa bidhaa adimu, na asiyekuwa na kadi hakupata. Hisa ilikuwa tiketi ya foleni. Kuanzia mwaka 1984 biashara ilipolegezwa na bidhaa zikajaa tena Kariakoo, tiketi ile haikuwa na kazi, na mengi ya maduka hayo yakatoweka kimya kimya bila mkutano wa kuyafunga. Hakuna aliyeuliza fedha ya hisa iko wapi, maana hakuna aliyekuwa ameihesabu kuwa mali yake.

YALIYOWAPATA WAKULIMA

Isidhaniwe kwamba vyama vya mazao viliponea. Mara baada ya Uhuru Serikali iliweka njia moja ya kuuzia mazao mengi: mkulima auze kwa chama cha msingi, chama kiuze kwa chama kikuu, chama kikuu kipeleke kwa bodi. Mwaka 1963 mahindi na nafaka nyingine vikawekwa chini ya bodi ya taifa ya mazao. Kila ngazi ilikuwa na gharama zake: ushuru, mishahara, magari, maghala. Gharama zote zilikatwa kwanza, na kilichobaki ndicho kilichoitwa bei ya mkulima. Njia ambayo ushirika uliundwa kuifupisha ikarefuka tena, safari hii kwa jina la ushirika wenyewe.

Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1966 Rais akateua kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta mambo yale yale: wanachama hawakuelewa chama chao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, uaminifu ulipungua, na siasa iliingia katika kazi ya mizani na daftari. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kabisa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. KNCU, chama cha Bukoba na chama kikuu cha Mwanza, vyote vikafutwa kwa tangazo moja.

Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama kurudi, na kufikia mwaka 1984 vyama vikuu vilikuwa vikifufuliwa. Sheria ya mwaka 1991 ikarudisha kanuni ya kwamba ushirika ni wa hiari na ni mali ya wanachama. Sheria inayotumika sasa ni ile ya mwaka 2013, iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vyama vya msingi vya mazao, viitwavyo AMCOS, vimerudi kushika uuzaji wa mazao kama korosho na kahawa, vingi kwa njia ya stakabadhi za ghala. Korosho ziliingia katika mpango huo msimu wa mwaka 2007. Mkulima huweka mazao ghalani, hupewa stakabadhi ya uzito na daraja, na wanunuzi hushindana mnadani. Twaona kwamba hata leo, jambo la kwanza ni uzito ulioandikwa.

KARIAKOO YA LEO

Soko kuu la Kariakoo lenye paa za miavuli ya zege, zinazokusanya maji ya mvua, lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliteketeza, na likafuatiwa na kazi kubwa ya ukarabati na ujenzi wa jengo jipya kando yake. Mitaa inayolizunguka, Mkunguni, Tandamti, Swahili, Kongo na Msimbazi, imekuwa gulio la nchi nyingi za jirani.

Hata hivyo mkulima aletaye mazao katika masoko ya Dar es Salaam bado hukutana kwanza na dalali, na gunia bado hushonewa kilemba juu, lile tuliitalo lumbesa. Sheria ya vipimo yalikataza, lakini mkulima aliye peke yake, mwenye nyanya zinazooza, hana nguvu ya kubishana. Na mwenye genge ambaye hununua tenga moja moja hana nguvu ya kupata bei nafuu, basi mama wa nyumba hulipa.

Nguvu ya umoja haikosekani Kariakoo. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka yao kwa sababu ya malalamiko ya kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza katika uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu elfu nyingi waliweza kufunga milango siku moja. Kufungua ghala moja la pamoja, na kuliendesha kwa miaka kumi, ni kazi ya namna nyingine. Madai huunganisha watu kwa siku chache. Daftari sharti liwaunganishe kila juma.

Jirani na hapo, katika Mtaa wa Lumumba, ungali umesimama mjengo uitwao Ushirika. Wapitaji wengi hulijua jina kama kituo cha kushukia tu.

KUJIFUNZA KABLA YA KUFUNGUA DUKA

Pana mfano mwingine unaotuhusu kama Wakatoliki. Katika jimbo la Nova Scotia huko Kanada, katika miaka ya 1920 na 1930, mapadre Jimmy Tompkins na Moses Coady waliwakuta wavuvi na wakulima maskini waliouza samaki kwa bei ya chini na kununua unga kwa bei ya juu. Hawakuanza kwa kuwajengea duka. Walianza kwa vikundi vidogo vya kujisomea, nyumbani, jioni, watu wachache wakihesabu: twauza nini, kwa nani, anauza yeye kwa bei gani? Baada ya kuhesabu hivyo, ndipo wakaanzisha vyama vya akiba, viwanda vidogo vya samaki na maduka. Tangu mwaka 1959 taasisi yenye jina la Coady imefundisha watu wa nchi nyingi, Watanzania wakiwamo. Hapa kwetu, Kituo cha Nyegezi karibu na Mwanza, kilichoanzishwa na Kanisa mwaka 1960, kilifundisha kazi za maendeleo ya jamii na uwekaji wa hesabu, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Naye Papa Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, aliwahimiza wakulima waungane katika vyama vya ushirika, maana mkulima aliye peke yake sauti yake haisikiki.

HESABU YA CHUNGU

Tutoe mfano wa hesabu, ili mambo yasibaki hewani. Tuseme nyumba 25 za mtaa mmoja zimekubaliana kununua mchele pamoja, na kwa mwezi zahitaji kilo 500 kwa jumla. Tuseme bei ya gengeni ni shilingi 3,000 kwa kilo, na bei ya jumla ni shilingi 2,600. Tofauti ni shilingi 400 kwa kilo, yaani shilingi 200,000 kwa kilo zote. Toa shilingi 80,000 za gari, mifuko na ujira wa mpimaji. Zabaki shilingi 120,000. Weka 20,000 katika akiba ya chama. Zabaki 100,000 za kugawa, yaani shilingi 200 kwa kila kilo iliyonunuliwa.

Mjane aliyenunua kilo 10 atapata shilingi 2,000. Nyumba iliyonunua kilo 40 itapata shilingi 8,000. Kila mmoja alilipa bei ile ile ya gengeni, taslimu, na fedha imemrudia kwa kadiri ya manunuzi yake. Si utajiri, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwaka mzima fedha hiyo huweza kununua madaftari ya watoto.

Sasa tazama jinsi mfano huu unavyoweza kuharibika. Nyumba 5 zikikopeshwa kilo 20 kila moja na zisilipe, chama kimepoteza shilingi 260,000 za mchele walioununua kwa jumla, ambazo ni zaidi ya ziada ya miezi miwili. Mpimaji akizidisha gramu 50 katika kila kilo kwa kuwapendelea rafiki zake, kilo 25 zitapotea kila mwezi bila mwizi kuonekana. Ndiyo maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi wanaotaka kuanza wafuate njia hii. Kwanza, wajuane: watu wa mtaa mmoja, au jumuiya moja, au kazi moja. Pili, waanze na bidhaa moja au mbili zisizooza, kama mchele, maharage na sukari. Tatu, asikopeshwe mtu, hata mwenyekiti, hata mgonjwa. Mgonjwa asaidiwe kwa mchango, si kwa mali ya chama. Nne, hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wote, na mwanachama yeyote awe na haki ya kulishika daftari. Tano, baada ya kuzoeana, wamtafute mkulima kwa njia ya chama chake: AMCOS ya wakulima wa mpunga au maharage yaweza kupeleka gunia lenye uzito ulioandikwa mpaka mlangoni. Hapo ndipo zile ncha mbili za njia zitakapokutana, na lumbesa haitakuwa na kazi. Wakiisha kukua, wamwendee Afisa Ushirika wa wilaya ili waandikishwe kisheria.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Kilo moja ya maharage mnayokula nyumbani ilitoka wilaya gani, na imepita mikononi mwa watu wangapi?

2. Kwa nini wakulima wa Usukuma walianza na wapimaji, wala si na kiwanda?

3. Mwaka 1937 wakulima wa Kilimanjaro walikasirikia chama chao wenyewe. Je, katika chama chochote mlichomo leo, cha akiba au cha kuzikana, kila mwanachama aweza kueleza fedha iko wapi?

4. Ni nyumba ngapi za jirani zenu ambazo mngeweza kununua nazo pamoja kwa fedha taslimu mwezi ujao, nani angeshika mizani, na nani angeshika daftari?

Swali la nne ndilo gumu. Likijibiwa kwa majina ya watu, na watu wenyewe wakikubali, kazi imekwisha anza.